Hatua ya Pili

Kutaisi, baridi kali, umeme umekatika tangu Jumatatu.
Ukumbi wa maktaba umewekewa taa za chemni,
moja kwa kila meza, na mwamuzi Ambrosi
anapita na kopo la mafuta, akijaza bila kusema neno.
Tumevaa glavu zilizokatwa ncha za vidole.
Kete zimeganda: ukimshika farasi,
naye anakushika.

Mbele yangu ameketi Tsiuri Kvirkvelia,
mwalimu wangu kwa miaka tisa.
Ndiye aliyenifundisha kuhesabu kabla sijagusa,
na nikishagusa, nisigeuze uso.
Rula yake ya mbao vifundo vyangu vinaijua.
"Askari huyu," alikuwa akisema, akigonga
mraba ulio kando ya makao ya mfalme,
"ni mlango wa nyumba yako.
Nani mwenye akili atauacha wazi mwezi wa Januari?"

Nilipewa nyeupe.
Hatua ya kwanza, askari wa mfalme, miraba miwili.
Naye vivyo hivyo. Wakasimama paji kwa paji,
kondoo dume wawili katikati ya daraja.
Hatua ya pili mkono wangu ulikwenda wenyewe.
Uongo. Niliupeleka.
Niliipanga wiki tatu chini ya blanketi, kwa mshumaa,
mama akidhani nasoma kemia.
Nikamsukuma askari wa mlangoni.
Mchukue, mwalimu. Bure.

Hakumchukua. Si papo hapo.
Saa ilizila dakika zake kama nondo alavyo sufu:
kumi, ishirini, thelathini na nane.
Aliutazama ubao, akanitazama, akarudi ubaoni,
mtu aliyeingia jikoni kwake
akakuta masufuria yamehamishwa.
Rahisi huvunja upishi, alilijua hilo
kabla mimi sijazaliwa.
Kisha akavua glavu, ya kulia tu,
akamwondoa askari wangu kwa vidole vitupu,
akamlaza taratibu pembeni,
kana kwamba amelala na asiamshwe.

Yaliyofuata siyakumbuki kwa mpangilio.
Nakumbuka upepo ukiingia kwa mlango nilioufungua,
askofu wangu akikata ubao kutoka pembe hadi pembe,
malkia wawili wakiondoka pamoja
kama majirani waendao msibani.
Nakumbuka moshi wa taa, kikohozi chake,
na kwamba kwa hatua kumi na moja nzima
nilikuwa nashinda.
Kumi na moja. Nimezihesabu mara nyingi.

Mafuta yakaisha hatua ya arobaini.
Akaandika hatua yake ya siri, akaitia katika bahasha,
Ambrosi akaifunga kwa ulimi na kwa nta.
Tutaendelea kesho, saa nne, mwanga ukiwapo.

Alfajiri nilimkuta kwenye foleni ya mkate.
Watu sitini, theluji hadi vifundoni.
Alikuwa mbele yangu kwa watu wanne.
Akageuka, akawaambia wale wanne,
"Huyo binti yuko pamoja nami,"
na wakanipisha.
Tukasimama bega kwa bega nusu saa.
Akauliza kuhusu mguu wa mama.
Kuhusu bahasha, hakuna aliyegusa.

Nilishindwa hatua ya sitini na moja.
Mfalme wangu alifukuzwa kupitia mlango uleule.
Tulipeana mikono; wake ulikuwa na moto.
Halafu akaivuta karatasi yangu ya hatua,
akachukua penseli, akashuka hadi mstari wa pili,
na kando ya askari wangu
akaweka alama ya kuuliza.
Nilijua. Nikatazama dirishani.
Niliporudisha macho palikuwa na alama mbili,
ya kuuliza na ya mshangao, moja juu ya nyingine,
zimebanana kama watu wawili katika koti moja.

Karatasi ninayo bado.
Nimeiinua mwangani, nimeipindua, nimetumia lenzi.
Sijui hadi leo
ni ipi aliyokusudia ibaki juu.